SANTURI YA ZAMANI, MASIKIO MAPYA

  Fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: santuri, taarabu, ushahidi. Tutayakuta njiani.

Bila shaka jambo hili mmekwisha kuliona. Wimbo ulioupenda sana ujanani, ukiusikia leo waona hauna maana. Na wimbo mwingine ulioudharau, leo wakugusa moyo. Je, wimbo umebadilika? La. Santuri haiongezi neno wala haipunguzi. Aliyebadilika ni msikilizaji. Leo tutaona jambo hilo katika santuri za Siti binti Saad wa Unguja.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba yapata mwaka 1880. Siku zile utumwa ulikuwa bado halali Unguja. Sheria ya kuukomesha ilitolewa mwaka 1897. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu akavitembeza mjini kuviuza. Hakupata elimu ya shule. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akajifunza uimbaji mpaka akapata sifa kubwa.

Kabla yake, taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Ilianza kusitawi huko enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, na wakaimba habari za watu wa kawaida. Mwaka 1928 walivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, kutia sauti zao katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zilivunjika upesi kama sahani. Zilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja ulikwisha kwa dakika tatu hivi.

Watu wa siku zile walizipokeaje? Wengi walifurahi kusikia lugha yao ikitoka ndani ya gramafoni. Lakini wengine walimcheka Siti. Walisema huyu ni maskini aliyetoka shamba, tena uso wake si mzuri. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili. Basi tazameni: wimbo ni ule ule, sauti ni ile ile, lakini mmoja alisikia fahari, na mwenzake alisikia mfinyanzi wa vyungu tu.

Siti alifariki mwaka 1950. Nyimbo mpya zikaja, na vyombo vipya vikaja. Kwa vijana wengi, santuri zile zenye kukwaruza zikawa mambo ya bibi na babu.

Sasa tuutazame wimbo wake mmoja, uitwao Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyekuja Unguja, akachukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti, kisha akauawa. Mwuaji alikimbilia bara. Lawama ya sheria ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Ndani ya wimbo huo limo jina la mchezo wa watoto, mchezo wa kujificha na kutafutana. Mtoto akiusikia, huenda akakumbuka mchezo akacheka. Mtu mzima akiusikia, hushtuka: anayetafutwa ni maiti, na anayejificha ni mwuaji.

Miaka ikapita, na wataalamu wa historia wakazirudia nyimbo hizo kwa makini. Waliona ya kuwa vitabu vya serikali ya wakoloni vilieleza mambo jinsi wakubwa walivyoyaona. Wimbo wa Siti uliweka jinsi watu wa mitaani walivyoyaona, hasa wanawake ambao mahakama haikuwasikiliza. Hivyo kilichoitwa mchezo wa jioni kimekuwa ushahidi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huo tena, na watu ambao hawakuzaliwa wakati wa Siti wakausikia. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania nacho kililiita gazeti lake Sauti ya Siti.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Wimbo ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Mwimbaji naye ana upande wake. Yafaa kuulinganisha wimbo na maandishi na masimulizi ya wazee, kisha tuamue.

Basi tusiseme upesi, "Wimbo huu haufai," wala tusione haya kuacha maoni ya zamani. Mtu aliyefiwa, aliyelea watoto, au aliyedhulumiwa, husikia neno ambalo zamani lilimpita. Siti hakupata nafasi ya kusoma shule. Ninyi mmeipata kalamu. Andikeni leo mnavyousikia wimbo, na mtie tarehe. Baada ya miaka kumi, someni tena mlivyoandika.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Taarabu ya Siti ilitofautiana vipi na ile ya jumba la Sultani?
2. Kwa nini wimbo wa Kijiti ni ushahidi wa historia?
3. Taja wimbo mmoja ambao maoni yako juu yake yamebadilika. Ni jambo gani maishani mwako lililoyabadilisha?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.