Namba 300,000,000,000 katika Historia ya Sarafu ya Kongo

Makala hii inachunguza namba nzima moja, 300,000,000,000, kama ushahidi wa historia. Namba hiyo haikubuniwa na wanahisabati. Ilitokana na maamuzi mawili ya serikali, na uzito wake ulifika hadi mitaani, Bel-Air ya Lubumbashi ikiwamo.

Sarafu ya zaire ilianza tarehe 23 Juni 1967. Zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1,000, nayo ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Robo karne baadaye, mfumuko wa bei ulikuwa umezaa noti ya zaire 5,000,000. Januari 1993 wanajeshi wa Kinshasa walilipwa kwa noti hiyo. Wafanyabiashara walipoikataa, ghasia zikazuka. Oktoba mwaka huo ilitolewa zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikafuata faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000, yaani laki moja. Hivyo faranga 1 ilibeba zaire za zamani 300,000,000,000, sawa na noti 60,000 za milioni tano.

Ikichambuliwa, namba hii ina vigawo tasa vitatu tu: 2 mara kumi na moja, 5 mara kumi na moja, na 3 mara moja. Jumla ya vigawo vyake vyote ni 288. Hizo 2 na 5 ni za kawaida katika fedha yoyote inayohesabiwa kwa makumi. Ile 3 peke yake ndiyo alama ya mwaka 1993.

Alama hiyo ilikuwa na athari. Hapakuwa na noti ya zaire ya zamani iliyogawanyika kwa 3. Kwa mfano, mchuuzi wa Bel-Air mwenye noti moja ya 1,000,000 angestahili makuta mapya 33, na zaire 10,000 zingebaki bila sarafu ya kuzilipa. Ili hesabu itimie, alihitaji noti tatu. Badiliko la 1998 halikuongeza tatizo hilo, kwa kuwa laki haina 3 ndani yake.

Hata hivyo, baki hilo lilikuwa dogo mbele ya hasara yenyewe. Aliyeficha nyumbani zaire 1,000 mwaka 1967, yaani dola 2,000, kwa hesabu ya 1998 alikuwa na sehemu moja ya milioni 300 ya faranga moja. Wala hesabu pekee haikutosha kuwashawishi watu: huko Kasai wengi walizikataa noti mpya za 1993, wakaendelea kutumia zile za zamani. Serikali inaweza kufuta sifuri kwenye noti. Imani iliyopotea pamoja nazo hairudishwi kwa kugawanya.