Hesabu Iliyoigandisha Dunia

Mwaka 1969 wanasayansi wawili ambao hawakuwa wakifanya kazi pamoja, Mikhail Budyko wa Leningrad na William Sellers wa Chuo Kikuu cha Arizona, walichapisha hesabu za tabianchi zilizoishia kwenye jawabu moja la kutisha: kwamba nguvu ya jua ikipungua kwa takriban asilimia 2 tu, barafu ya ncha za dunia ingeweza kusonga mbele mpaka ikweta na kuifunika sayari yote. Kiini cha hesabu hizo kilikuwa albedo, yaani sehemu ya mwanga wa jua ambayo uso wa kitu huiakisi badala ya kuifyonza. Theluji mpya huakisi asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoiangukia, ilhali bahari iliyo wazi huakisi chini ya asilimia 10. Dunia kwa jumla, pamoja na mawingu yake, huakisi karibu asilimia 30.

Wazo lenyewe lilikuwa na umri wa karne moja. James Croll, Mskoti aliyejielimisha mwenyewe na ambaye mwaka 1859 aliajiriwa kutunza jengo la chuo kimoja mjini Glasgow, kazi yenye ujira mdogo lakini iliyomfungulia milango ya maktaba, alianza mwaka 1864 kueleza kwamba mabadiliko madogo ya njia ya dunia kulizunguka jua yasingetosha peke yake kuleta enzi za barafu. Kilichoyakuza, kwa maelezo yake, kilikuwa theluji, ambayo ikishatanda huurudisha mwanga angani, hivyo huzidisha baridi, nayo baridi huzidisha theluji. Kwa bahati mbaya Croll alikadiria kwamba enzi ya mwisho ya barafu ilimalizika miaka 80,000 iliyopita, jambo ambalo wanajiolojia walilikanusha kwa ushahidi, na nadharia yake ilipotupwa, sehemu yake iliyo bora zaidi ikasahauliwa pamoja na makosa yake.

Budyko na Sellers waliligeuza wazo hilo kuwa milinganyo, wakaonyesha kwamba barafu ikivuka latitudo fulani hakuna tena cha kuizuia. Hapo ndipo mashaka yalipozuka, kwa kuwa sayari iliyoganda yote ingeakisi mwanga mwingi kiasi kwamba hata jua la leo lisingeweza kuiyeyusha, na kwa vile dunia ni dhahiri haijaganda, wengi waliona ni busara kuilaumu milinganyo.

Miamba ilikuwa na ushahidi mwingine. Tangu mwaka 1964 Brian Harland wa Cambridge alikuwa ameshikilia kwamba mawe na kifusi vilivyoachwa na barafu ya kale vilitua karibu na ikweta, lakini mlango wa kutokea katika ganda hilo ulionyeshwa na Joseph Kirschvink mwaka 1992: volkano huendelea kutoa hewa ya ukaa hata chini ya barafu, na kwa kuwa mvua inayosaidia miamba kuifyonza hewa hiyo imekoma, hulimbikizana kwa mamilioni ya miaka mpaka joto inalolizuia angani liishinde barafu. Mwaka 1998 Paul Hoffman na wenzake walieleza miamba ya Namibia ambamo mashapo ya barafu yamefunikwa moja kwa moja na tabaka za chokaa, mwamba ambao kwa kawaida hujengeka katika bahari yenye joto, na wakaunganisha tabaka hizo na mlipuko wa joto uliofuata kuyeyuka. Vipindi viwili vikuu vya kuganda huko sasa vinajulikana: cha kwanza kilidumu kati ya miaka milioni 717 na milioni 660 iliyopita, na cha pili kilimalizika yapata miaka milioni 635 iliyopita.

Mabishano yaliyobaki yanahusu iwapo bahari ya ikweta iliganda yote au iliacha ukanda wa maji ambamo viumbe walijihifadhi, na albedo ndiyo inayoyaamua tena, kwa sababu barafu ya bahari isiyo na theluji juu yake hufyonza mwanga mwingi kuliko barafu nyeupe iliyofunikwa na theluji, tofauti ambayo hesabu za mwaka 1969 hazikuizingatia.