Frumentius na Wafalme wa Aksum: Riwaya, Barua na Mawe

Mnamo mwaka 402 au baada yake kidogo, Rufinus wa Aquileia, padri wa Italia aliyekuwa amekaa miaka mingi Misri na Yerusalemu, aliifasiri kwa Kilatini taarikhi ya kanisa iliyotungwa na Eusebius, kisha akaiongezea vitabu viwili vya kwake, na katika kimojawapo akatia kisa ambacho tangu hapo kimekuwa ndio mlango wa kila atakaye kujua jinsi dini ya Kikristo ilivyoingia Uhabeshi. Asema kwamba mwanafalsafa mmoja wa Tiro, jina lake Meropius, alisafiri hadi nchi aiitayo India, akifuatana na vijana wawili wa jamaa yake, Frumentius na Aedesius. Na walipokuwa wakirudi, chombo chao kiliingia bandarini kutafuta maji, katika pwani ambayo wenyeji wake walikuwa na desturi ya kuwaua Warumi wote kila wasikiapo kwamba mapatano na Rumi yamevunjika. Watu wa chombo wakauawa, isipokuwa wale vijana, waliokutwa chini ya mti wakidurusu masomo yao, wakahurumiwa na kupelekwa kwa mfalme. Aedesius akafanywa mnyweshaji. Frumentius, kwa akili na amana aliyoonekana kuwa nayo, akakabidhiwa hazina na barua za mfalme. Mfalme alipofariki na kuacha mjane na mtoto mdogo, malkia aliwasihi wamsaidie kuitunza dola mpaka mtoto abaleghe, na katika muda huo Frumentius akawatafuta wafanyi biashara wa Kirumi waliokuwa Wakristo, akawapa mahali pa kukutania na kusali. Hatimaye Aedesius alirejea kwao Tiro, na Frumentius akaenda Iskanderia kumweleza askofu Athanasius haja ya nchi ile; na Athanasius, asipomwona aliye bora kuliko mleta habari mwenyewe, akamtawaza askofu na kumrudisha alikotoka.

Kisa hiki ni kitamu, na utamu wake ndio unaotia shaka. Nani asiyemwona Yusufu nyuma ya kijana mgeni aliyekabidhiwa hazina ya mfalme, au Danieli nyuma ya mateka msomi aliyepata cheo katika ufalme wa watu wengine? Rufinus aliandika ili kuonyesha mkono wa Mungu katika mambo ya dunia, na mwandishi mwenye nia hiyo hupenda kuyapanga matukio yafanane na yale ambayo wasomaji wake wanayajua na kuyaamini. Hata hivyo hatuna haki ya kumtupa, kwa sababu amefanya jambo ambalo waandishi wengi wa zama zake hawakulifanya: ametaja mpokezi wake. Asema hakuyaokota haya katika uvumi wa watu, bali aliyasikia kwa kinywa cha Aedesius, aliyekuwa padri huko Tiro. Kwa wale waliolelewa katika elimu ya hadithi, ambako riwaya isiyo na isnadi haina pa kusimama, hili si jambo dogo. Ni isnadi fupi ya mtu mmoja tu, lakini mtu huyo alikuwapo.

Ila shahidi hutolea ushahidi alichokiona, na Aedesius, kwa riwaya hiyo hiyo, aliondoka Aksum, mji wa mfalme huyo, wala hakurudi. Ya utotoni, ya jumba la mfalme na ya malkia mjane, hayo aliyaona. Lakini habari za Frumentius baada ya kutawazwa, kwamba alitenda karama na kwamba watu wasiohesabika waliamini, ziliufikia mji wa Tiro kama zilivyoweza kumfikia mtu mwingine yeyote. Tena yapo mawili ambayo Rufinus hakuyasema, na wengi waliomsoma wamemsingizia kuwa ameyasema: hakumtaja mfalme kwa jina, wala hakudai kwamba mfalme alibatizwa. Na hiyo India yake isitusumbue, kwani katika siku hizo jina hilo lilienea juu ya nchi nyingi zilizopakana na Bahari ya Sham na bahari iliyo mbele yake.

Watu husema pia kwamba kisa cha Rufinus kimethibitishwa na Socrates, Sozomen na Theodoret, waandishi watatu wa Kiyunani wa karne ya 5. Hao hawakuthibitisha kitu. Walikipokea kutoka kwake, moja kwa moja au kwa njia ya mwingine. Watu wanne wanaosimulia neno lililotoka kinywani mwa mmoja ni shahidi mmoja, hata wakiwa kumi.

Ushahidi mzito unatoka upande ambao mtu asingeutazamia. Mwaka 356 Kaisari Constantius wa Pili, aliyewaunga mkono wapinzani wa Athanasius katika ule ugomvi mkubwa juu ya daraja ya Mwana mbele ya Baba, aliwatuma askari wakamfukuza askofu huyo kutoka kanisani mwake, na mwaka uliofuata kiti chake kikakaliwa na George wa Kapadokia. Katika siku hizo Kaisari aliandika barua kwa watawala wawili wa Aksum, Aizanas na Sazanas, akiwataka wamrudishe Misri upesi askofu Frumentius, ili George amchunguze imani yake, kwa kuwa alitawazwa na Athanasius, mtu ambaye barua inamrundikia kila aina ya uovu. Barua hiyo imetufikia kwa kuwa Athanasius mwenyewe aliinakili katika utetezi wake kwa Kaisari. Hakuandika Constantius ili kutufundisha taarikhi ya Uhabeshi. Alikuwa na hasira, na katika hasira yake akakiri, bila kukusudia, kwamba yuko askofu huko Aksum, kwamba jina lake ni Frumentius, na kwamba aliyemtawaza ni Athanasius. Neno la adui asiye na faida nalo lina uzito kuliko sifa za rafiki kumi.

Mwenye wasiwasi atauliza: je, si Athanasius aliyeinakili, na hakuweza kuitunga? Jibu lilikuwa limesimama Aksum kwenyewe muda wote, juu ya jiwe. Mwaka 1805 Mwingereza Henry Salt aliyaona huko maandishi ya Kiyunani ya mfalme Ezana, na mwaka 1906 msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Enno Littmann ukayachunguza pamoja na mengine mengi. Jiwe hilo lasema jambo moja kwa Kiyunani na kwa Kigeezi, lugha ya nchi yenyewe, na Kigeezi chake kimechongwa kwa hati mbili, ya wenyewe na ya Arabuni Kusini. Nalo lasimulia jinsi mfalme alivyowatuma ndugu zake kupigana na Wabeja. Mmoja wa ndugu hao ni Saizana. Aizanas na Sazanas wa barua ya Kaisari ni Ezana na Saizana wa jiwe, na mtu wa Iskanderia aliyetaka kughushi barua asingekuwa na sababu ya kulijua jina la mdogo wa mfalme.

Lakini jiwe lililoisadikisha barua limemtia Rufinus mashakani, kwa kuwa Ezana huyo, mtu mzima mwenye majeshi, ajiita humo mwana wa Ares asiyeshindwa, ambaye katika Kigeezi ni Mahrem, mungu wa vita wa wazee wake. Ikiwa yeye ndiye yule mtoto aliyelelewa chini ya macho ya Frumentius, kama wengi wanavyodhani, basi malezi hayo hayakumtoa upesi katika dini ya baba zake. Tena Rufinus asema kwamba Athanasius, alipomtawaza Frumentius, alikuwa ametoka kuushika uaskofu, yaani karibu na mwaka 328. Wapo wanazuoni wanaoona kwamba Frumentius alitawazwa baada ya mwaka 346, Athanasius aliporejea kutoka uhamishoni, nami naelemea upande wao, maana Kaisari hangengoja miaka karibu thelathini ndipo ashtushwe na askofu mmoja wa mbali.

Kisha yako maandishi mengine ya Ezana, na humo ndimo ilimo hazina. Katika Kigeezi, akisimulia vita vyake na Wanoba wa mto Nili, hamtaji tena Mahrem. Amshukuru Bwana wa Mbingu, jina ambalo Mkristo, Myahudi na hata mtu wa dini ya kale angeweza kulitamka bila kujikwaa. Katika jiwe la Kiyunani lililogunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, Ezana huyo huyo amtaja Kristo, na Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, waziwazi. Sarafu zake nazo zimebadilika: za kwanza zina hilali na duara, alama ya miungu ya zamani, na za baadaye zina msalaba, na dhahabu yake, yenye maneno ya Kiyunani, ilikuwa ni ya kupita mikononi mwa wageni. Wengine wamejaribu kuyapanga haya kama ngazi, imani ikipanda kidato kwa kidato. Mimi naona ni afadhali tuulize kwanza kila jiwe lilikuwa likisema na nani. Kwa mgeni asomaye Kiyunani mfalme alikuwa Mkristo kamili. Kwa raia zake alikuwa mtu aliyemshukuru Bwana wa Mbingu, na aliyetaka kusikia zaidi aliachiwa mwenyewe. Mfalme mwenye busara hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Yuko na mwandishi mwingine, Philostorgius, wa upande wa Arius, yaani wa wapinzani wa Athanasius, ambaye tunaye kwa muhtasari tu uliofanywa na Photius katika karne ya 9. Amsifu Theophilus, mjumbe wa Constantius, aliyewajengea Wahimyari makanisa matatu kisha akafika Aksum. Katika habari hiyo Frumentius hayumo. Kimya cha kitabu kilichofupishwa na mtu mwingine hakiwezi kuwa hoja.

Mapokeo ya Wahabeshi yamwita Frumentius Abba Salama, Mfunua Nuru, na yasema waliompokea ni ndugu wawili waliotawala pamoja, Abreha na Atsbeha. Majina hayo hayamo katika sarafu wala mawe ya karne ya 4. Yamo katika karne ya 6: Kaleb, mfalme aliyevuka bahari kwenda Yaman, aliitwa pia Ella Atsbeha, na Abraha ndiye aliyeitawala Yaman baada ya hapo, yule ambaye kila mtoto wa chuoni hapa pwani amemsikia katika habari ya watu wa ndovu. Yaelekea kumbukumbu imeyavuta majina makubwa ya baadaye ikayavika wafalme wa mwanzo. Lakini mapokeo hayo, yaliyopotea katika majina, hayakusahau kwamba walikuwa ndugu wawili, kama barua ya Kaisari isemavyo.

Na liko jambo la mwisho, ambalo si kitabu wala jiwe. Katika mkusanyo mmoja wa Kiarabu wa kanuni zilizobandikwa jina la Baraza la Nikea la mwaka 325, imo kanuni iwakatazayo Wahabeshi kujiwekea mkuu wa kanisa kutoka miongoni mwao pasipo Iskanderia. Baraza lenyewe lilitoa kanuni 20, na hii si mojawapo. Ni ya kughushi. Kwa habari za mwaka 325 haifai hata kidogo, lakini yatuambia kwamba desturi iliyoanza na Frumentius ilikuwa na nguvu kiasi cha kuhitaji ngome ya maandishi, na kwamba wako waliotaka kuivunja. Desturi hiyo ilidumu hata mwaka 1951, Basilios, Mhabeshi wa kwanza, alipotawazwa kuwa mkuu wa kanisa la nchi yake. Na waliomtawaza walikuwa ni wa Iskanderia.