Sindano na Kiharusi Katika Pwani ya Mtwara

Katika pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Shangani na Mikindani hadi mdomo wa mto Ruvuma, kiharusi, yaani ugonjwa unaotokea mtiririko wa damu unapokatika au damu inapovuja ndani ya ubongo, kwa muda mrefu kilihusishwa na upepo mbaya au mashetani, na waliopooza walitibiwa kwa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), kukandwa mafuta, chale na kuumikwa, ambako ni kufyonza damu kwa pembe iitwayo chuku.

Akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili, ambayo hutumiwa pia kwa waliopooza na misingi yake iliandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ilipata njia ya kufika nchini kupitia madaktari wa China, waliokuja Zanzibar mwaka 1964 wakitoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968 wakitoka Shandong.

Hata hivyo, ushahidi wa kitaalamu kwamba sindano hizo hurejesha nguvu za mkono au mguu uliopooza bado ni dhaifu, ilhali manufaa ya mazoezi ya viungo na ya kudhibiti shinikizo la damu yamethibitika. Kwa hiyo, mgonjwa wa Shangani awahishwe Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyoanza huduma mwaka 2021, na sindano ziwe nyongeza, zisiwe mbadala wa matibabu ya hospitali.