Joto Peke Yake Halikutosha

Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, kemia ya Ufaransa ilikuwa na mwenyewe: Marcellin Berthelot, profesa, seneta wa maisha na, mwaka 1886, waziri wa elimu. Yeye alishikilia kwamba mmenyuko wa kemikali unaojiendea bila kusukumwa ni ule unaotoa joto jingi zaidi. Mdenishi Julius Thomsen alikwisha kutoa hoja ya aina hiyo mwaka 1854, na wawili hao wakagombania nani kaanza.

Kanuni hiyo ilivutia kwa wepesi wake. Makaa yakiwaka, joto hutoka. Chuma kikishika kutu, joto hutoka.

Lakini tia amonia naitreti, ile chumvi ya mbolea, kwenye glasi ya maji ukoroge. Chumvi inayeyuka yenyewe, huku glasi ikipoa hadi kutoka jasho kwa nje. Hapo joto limemezwa. Berthelot alijitetea kwamba visa vya namna hiyo si kemia halisi, au kuna nishati ya nje iliyoingilia kati. Utetezi dhaifu, kusema kweli.

Jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana kwa Wajerumani. Mwaka 1865 Rudolf Clausius aliipa jina entropia, ambayo leo huelezwa kuwa kipimo cha namna nishati na chembe zinavyotawanyika. August Horstmann aliiingiza katika kemia mwaka 1873. Kisha Mmarekani Josiah Willard Gibbs, kati ya 1876 na 1878, akaonyesha kwamba joto na entropia lazima vihesabiwe pamoja, na kwamba uzito wa entropia hukua kadiri halijoto inavyopanda.

Wachoma chokaa wa pwani yetu waliijua hali hiyo kwa vitendo. Matumbawe hayageuki chokaa juani. Kuyavunja kunameza joto, kilojuli 178 kwa kila moli, lakini kunaachia gesi ya kaboni dayoksaidi inayotawanyika hewani. Moto ukikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, entropia inashinda.

Mwaka 1884 kijana Pierre Duhem, mwenye miaka 23, aliwasilisha tasnifu mjini Paris iliyoipinga kanuni ya Berthelot. Ilikataliwa. Alifundisha Lille, Rennes na Bordeaux, na hadi anafariki mwaka 1916 hakupata kiti cha uprofesa Paris. Berthelot alizikwa Panthéon mwaka 1907. Hesabu inayofundishwa madarasani leo ni ya Gibbs.