Wayahudi kwa Kuzaliwa na kwa Kuchagua

Katiba ya Romania ya mwaka 1866 ilisema kuwa mgeni asiye Mkristo hawezi kupewa uraia. Hivyo Wayahudi waliozaliwa huko, walio wengi, wakahesabiwa wageni katika nchi yao. Dini waliirithi, na kunyimwa haki pia.

Katika Uganda ilichaguliwa. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki, alitahiriwa pamoja na wanawe karibu na Mbale. Wenziwe wa madhehebu ya Malaki walimkanya kuwa tohara ni ya Wayahudi. Yasimuliwa kuwa alijibu: basi, yeye ni Myahudi. Ujasiri huo si haba. Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, wengi waliiacha. Waliobaki walisali kwa siri.