Msaji, Chuma na Herufi A

Huko Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui, almasi haithaminiwi kwa kung'aa kwake tu. Hupimwa uzito, hutazamwa rangi na usafi, kisha hupewa daraja. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, ikachongwa hadi ikabaki na 23.6, ulimwengu unaijua kwa tarakimu hizo, wala haumjui aliyeiona mchangani.

Meli nazo zilipata hukumu ya namna hiyo. Mwaka 1760 wafanyabiashara wa bima wa London, waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa Lloyd, waliunda chama cha kuandikisha meli, maana nani angekubali kudhamini chombo asichokijua? Daftari lao la 1764 lilitumia irabu A, E, I, O na U kwa hali ya gimba, na G, M na B kwa vifaa vyake: vizuri, vya kadiri, vibaya. Baadaye tarakimu zikashika nafasi ya herufi hizo za vifaa, ndipo ikazaliwa A1.

Mkaguzi hakuandika sifa za kishairi. Aliandika mkuku ni wa mti gani, mataruma yana unene gani, misumari ni ya shaba au ya chuma, kalafati imeshika au imelegea. Katika meli za mbao, herufi A ilifuatana na idadi ya miaka, na aina ya mti ndiyo iliyoongeza au kupunguza miaka hiyo. Msaji na mwaloni viliheshimiwa kuliko misonobari. Fundi wa jahazi wa Unguja asingeshangaa kusikia hayo, ila yeye ukaguzi wake aliufanya kwa kiganja na sikio, na hakuna daftari lililouhifadhi.

Mwaka 1867 zikatoka kanuni za meli za mchanganyiko, yaani mataruma ya chuma na ubavu wa mbao. Sababu yake ni ya baharini hasa. Chuma kilitoa nguvu na nafasi ngamani. Mbao nazo ziliruhusu chombo kuvikwa shaba chini, kazi ambayo pwani hufanywa na deheni, ili kuzuia wadudu watoboao na uchafu unaoganda. Shaba haikuweza kupigiliwa juu ya chuma, kwani viwili hivyo vikikutana katika maji ya chumvi, chuma huliwa. Ubao ukawa mpatanishi wao. Cutty Sark, iliyomaliziwa Dumbarton, Scotland, mwaka 1869 na kuhifadhiwa Greenwich, ni ya ukoo huo.

Na Glasgow ya Sayyid Barghash pia. Kimbunga cha 1872 kiliziangamiza meli za Sultani pamoja na mikarafuu ya Unguja, naye akaagiza chombo kipya kwa William Denny na Nduguze, wa Dumbarton hiyo hiyo. Kikatengenezwa kwa mfano wa manowari ya Kiingereza ya jina hilo: mataruma ya chuma, ubavu wa msaji, urefu wa futi zipatazo 210. Kilishushwa majini mwaka 1878. Inasemekana Sultani hakuvutiwa nacho, kikakaa zaidi nangani kuliko safarini.

Mizani ya mkaguzi ilikuwa mizani ya bima: je, chombo kitafikisha shehena? Haikuwekwa kupima mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipokataa kushuka kwenye kiti, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga jumba la Sultani saa tatu za asubuhi. Glasgow ikajibu kwa mizinga yake midogo dhidi ya St George, ikazamishwa. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuomba amani, wakaokolewa kwa mashua za maadui wao. Vita vyote havikutimiza saa nzima. Upande wa Unguja watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa.

Bandarini pale maji hayakuwa ya kina kirefu. Gimba lilikalia mchanga, milingoti mitatu ikabaki juu ya maji mbele ya mji mpaka 1912, mabaki yalipoondolewa.